Pumzi za Fundi Viatu

Mzee mwenzangu, acha chai usome. Natoka kliniki sasa hivi.

Fundi viatu wetu kapimwa presha mbele ya foleni nzima, ikawa nzuri kama ya kijana! Akakunja magoti palepale, mikono akaisukuma polepole, ile michezo yake ya Kichina. “Miezi mitatu sijameza kidonge! Ni pumzi tu, jamani!”

Mkewe akacheka. Alicheka, nakwambia!

“Pumzi gani, baba? Kila asubuhi nakusagia vidonge kwenye uji. Wewe unavuta hewa, mimi natwanga!”

Natwanga! Watu hoi, hadi nesi. Fundi kabaki mikono hewani, hajui aishushie wapi.

Halafu akauliza kwa sauti ndogo, “Na kaka je?”

Kaka yake si alimwiga? Vidonge alivitupa chooni, Fundi akimpigia makofi. Na yule hana mke wa kumsagia. Leo asubuhi kalalamika kichwa kinamgonga, Fundi akamwambia azidishe pumzi.

Kicheko kikakatika. Fundi akapiga simu, akaweka spika.

Kaka akapokea. Sote tulimsikia akihangaika kutamka jina la mdogo wake, ulimi umekataa.

Na Fundi, machozi yakimtoka, akamwambia nini? “Vuta pumzi, kaka. Vuta pumzi.”