Fomu ya Daktari wa Akili Inataka Saini ya Mke Wangu

Mpendwa Bi Arwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi na mie huwa namcheka, leo ndiyo nimejua kwa nini watu wanakuandikia.

Naitwa Leodegar, walionizoea huniita Leo, nina miaka arobaini na mmoja, kwetu ni Rombo lakini nimekuja Dar nikiwa na miaka kumi na tisa, ni fundi wa magari kwenye karakana moja Chang'ombe na nyumbani ni Bunju. Mke wangu anaitwa Tekla, ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi hapohapo Bunju, tuna watoto wawili, na nikwambie ukweli Bi Arwa, mie nimeoa, yaani nimeoa kweli, mwanamke ambaye mpaka leo akinipigia mchana kuniuliza nimekula nini mafundi wenzangu wanaacha kazi ili wasikie sauti yangu inavyobadilika.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa na lori dogo uwani, linatakiwa kushushwa giaboksi, na hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshatandika boksi chini nijilaze niingie, simu ikaita, ni Tekla, anauliza sweta la shule la mtoto nimeliweka wapi. Rafiki yangu Venance, niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, ndiye aliyenisimamia hata siku ya harusi, akaniambia, "Ongea na shemeji, mie naingia." Akaingia. Jeki ikateleza. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, Venance hakutoka mzima, na simu ilikuwa bado iko mkononi mwangu.

Nilibeba jeneza, nikakaa na mjane wake Blessing mpaka matanga yakaisha, wiki ya pili nikarudi kazini na kila mtu akasema huyu kweli mwanaume. Lakini tangu hapo spana ikianguka sakafuni mikono inatetemeka, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, jasho linanitoka kama nimemwagiwa maji, na chini ya gari siingii tena, nawaachia wenzangu nasingizia mgongo, nyumbani mtoto akigonga sufuria nafoka halafu najichukia, na kuna asubuhi nasimama mlangoni nawaza bora ningeingia mie. Nilienda hospitali nikijua ni moyo, wakanipima, daktari akasema, "Moyo wako mzima baba, ila umebeba kitu, tafuta mtu wa kuzungumza naye." Nikacheka. Fundi wa Chang'ombe atafute mtu wa kuzungumza naye!

Kicheko kilipoisha nikaitoa kadi ya bima. Bima yetu tunaipata kupitia shule ya Tekla, yeye ndiye mwanachama mkuu, mie na watoto ni wategemezi. Nikapiga namba ya nyuma ya kadi nimejifungia chooni pale karakana, nikauliza kwa kunong'ona, dada aliyepokea akanijibu kwa sauti utadhani yuko sokoni, "Ndiyo kaka, afya ya akili ipo kwenye kifurushi chenu, hata kwa simu ya video, ila mtoa huduma lazima awe kwenye orodha yetu." Mie nilishajitafutia mmoja mtandaoni, ana maneno matamu kweli, kumbe hayumo. Dada akanitumia orodha. Wa kwanza hapatikani, wa pili akasema siku hizi anafundisha chuo, wa tatu anaona watoto tu, nikataka kuacha, sijui nini kilinishika nikapiga na wa nne. Huyo ndiye Najma.

Najma ni mwanasaikolojia, yuko Tanga, na sie tunaongea kila Alhamisi saa nne na nusu wenzangu wakiwa kwenye chai, mie nakaa ndani ya gari la mteja lililokwisha kutengenezwa, napandisha vioo. Siku ya kwanza nilimwambia nina dakika kumi tu na mwenye tatizo si mie, ni jamaa yangu. Akasema, "Sawa, nieleze habari za huyo jamaa yako." Bi Arwa, dakika ya tano nilikuwa nalia mpaka vioo vimeingia ukungu. Nimeongea naye mara sita na kuna nafuu, naona kabisa kuna nafuu.

Ubaya ni huu. Kila nikiomba miadi, bima wanatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwanachama mkuu, yaani ya Tekla. Kwa hiyo Jumatano jioni akiingia kuoga mie nachukua simu yake, ujumbe unaingia, nanakili namba, naufuta. Mara zote sita. Halafu wiki mbili zilizopita simu yangu ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia Tekla akiwa anaandaa chakula, nao ulisema hivi: "Usisahau kesho, Leo. Nitakusubiri. Najma."

Akauliza taratibu, "Baba Praygod, Najma ni nani?"

Nikasema, "Fundi wa rangi."

"Fundi wa rangi mwanamke?"

"Siku hizi wapo."

Akasema, "Haya." Chakula cha kwenda nacho kazini bado ananifungia, nguo anapiga pasi, lakini ile simu ya mchana haipigi tena, na mafundi wameanza kuniuliza kama shemeji anaumwa.

Sasa Najma anataka nionwe na daktari wa magonjwa ya akili aangalie kama nahitaji dawa, naye anapatikana kwa video na yumo kwenye orodha, anaitwa Dokta Abdulrahman, miadi ni Ijumaa ijayo, ila kwa daktari bingwa bima wanataka fomu ya kibali na fomu lazima isainiwe na mwanachama mkuu. Nimejaribu kuiga saini ya Tekla kwenye karatasi, ya tatu imefanana kabisa. Lakini mkono umekataa kuihamishia kwenye fomu.

Najua utasema nimwambie. Nikimwambia naumwa ataniuliza kimeanzia wapi, nikisema kimeanzia kwa Venance ataniuliza wewe ulikuwa wapi, nitasema nilikuwa kwenye simu, ataniuliza na nani. Itabidi nimjibu nilikuwa naongea na wewe. Nitamwambiaje hilo mtu ninayempenda hivi? Nisaini mwenyewe, au nimwache huyo daktari niendelee hivihivi? Nisaidie mama yangu.

Leodegar, Bunju


Bi Arwa anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia Jumatatu na miadi yako ilikuwa Ijumaa, nikaona nikingoja gazeti nitakuwa nimekuchezea, ndiyo maana nikapiga namba uliyoiacha kwenye barua, ukasikia simu ya bibi usiyemjua. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokwambia siku ile, pamoja na yaliyofuata, kwa ruhusa yenu wote wawili. Majina nimeyabadilisha na kwenu si Rombo, kwa hiyo mtu wa Bunju asianze kuhesabu walimu.

Kwanza nikupe haki yako. Umejifungia chooni ukauliza jambo ambalo wanaume wengi wanashindwa hata kulitaja, ukakataliwa na watu watatu, ukapiga na wa nne. Hiyo ni kazi, baba, na umeifanya huku mikono inatetemeka. Na uliyoyaona mwezi wa pili yangemtetemesha yeyote. Wewe si kichaa wala si dhaifu. Unaumwa, na umeanza kutibiwa.

Sasa nikuseme. Ile karatasi ya saini ichane. Ukighushi saini kwenye fomu ya bima na ikabainika, unaweza kuiponza kadi ya familia nzima, na watoto wako nao wanaitegemea, na mkeo ataulizwa kazini kwake kwa kosa asilolijua. Na huko kumfutia mtu ujumbe kwenye simu yake, mara sita, umejifunza wapi? Mwanasaikolojia ukimficha kama anavyofichwa hawara, mkeo ataona hawara. "Fundi wa rangi." Astaghfirullah. Nilipofika hapo nilicheka, halafu nikamhurumia huyo mwalimu wa watu anayekupigia pasi huku roho inamuuma.

Na la simu nisikilize vizuri. Tekla aliuliza sweta la mtoto. Wewe ulimjibu mkeo. Venance alimsaidia rafiki yake kama alivyomsaidia miaka kumi na miwili. Jeki ikateleza. Hapo hakuna muuaji. Unasema unamlinda mkeo, lakini umemwachia aamini una mwanamke Tanga. Ulinzi gani huo?

Nikakupa kazi ya siku moja. Urudi mapema jua lingalipo, watoto waende kwa jirani, fomu uiweke mbele yake, uanze na ugonjwa, kisha Najma, kisha simu, bila kuruka na bila kupamba. Ukasema, "Bi Arwa, siwezi." Nikakwambia basi mpe hiyo barua uliyoniandikia mie aisome, maana kuandika umeweza.

Wasomaji wangu, alikwenda. Ilikuwa Jumatano. Alimkuta Tekla uani anachambua mchele, akavuta kigoda akakaa, na hakumpa barua. Alisema kwa mdomo wake. Alhamisi alinipigia. "Mama," akaniambia, "alikuwa anajua."

Leodegar alipofika kwenye habari ya ile simu, Tekla aliweka ungo chini.

"Nilisikia, Leo," akasema. "Nilisikia kile kishindo. Nikasikia watu wanapiga kelele, halafu simu ikakatika. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, niko mlango wa ofisi ya walimu, sweta lenyewe nimeshaliona kwenye begi la mtoto. Tangu siku ile nangoja uniambie mie ndiye niliyemuua Venance."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe hukutaka hata jina lake litajwe. Nikasema moyoni, ananichukia, hataki kunitamkia. Na alipotokea huyo Najma, nikajua sasa anaondoka."

Leodegar anasema walikaa pale mpaka jirani akawarudisha watoto, akawaona wote wawili wana macho mekundu, akauliza nani amefariki. Tekla akamjibu, "Hakuna, mama Benedikto. Tunazungumza tu." Wakapika ule mchele. Baada ya kula Tekla akaivuta fomu, akaisoma mstari kwa mstari kama anasahihisha daftari, akamwambia mumewe amekosea kuandika tarehe yake ya kuzaliwa, akairekebisha, akasaini.

Ijumaa mwalimu aliomba ruhusa. Walikaa chumbani na simu wameiegemeza kwenye kopo la unga, na Dokta Abdulrahman akamuuliza mgonjwa kama anataka mke abaki. Leodegar akasema abaki mwanzo. Tekla alibaki robo saa, akaeleza aliyoyaona nyumbani ambayo mwenyewe asingeyasema, kisha akatoka, akafunga mlango, akakaa barazani kuzuia wageni. Daktari ameanzisha dawa na amesema wazi kwamba inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na mazungumzo na Najma yaendelee palepale.

Basi Leodegar, haya ndiyo yaliyobaki. Dawa usiiache kwa sababu umejisikia vizuri, mwenye kukuachisha ni daktari. Lile wazo la mlangoni, la bora ungekuwa wewe, mtajie Najma na daktari kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na likija kwa nguvu usingoje kibali wala Alhamisi, mwamshe Tekla mwende hospitali ya karibu, kitengo cha dharura. Karakana zungumza na mkuu wako, mwambie ukweli wa kutosha: kwa sasa chini ya gari hapana. Habari ya mgongo iishie hapo. Na kwa Blessing nendeni pamoja, msijifungie wawili na majonzi yenu kana kwamba mjane hana yake.

Wasomaji mnaoniuliza kila wiki mtampata wapi mtu wa kuzungumza naye: aliye na kadi aanze na namba iliyo nyuma ya kadi. Uliza kifurushi chako kinabeba nini, mara ngapi kwa mwaka, na kwa nani, kabla hujampenda mtu wa mtandaoni. Uliza pia kwa maandishi mwajiri anaona nini kwenye taarifa za matibabu yako, upate jibu lao, usikae na hofu ya kubuni. Orodha ikikupa namba zilizokufa, warudie watu wa bima uwaambie. Watu watatu wakishindwa kukupokea haina maana wewe hutibiki.

Na wewe Tekla mwanangu, ambaye najua unausoma ukurasa huu. Umesikia mtu anakufa kwenye simu, ukafunga mdomo, ukaingia darasani ukafundisha kujumlisha. Nimemuuliza mumeo umelia na nani, akaniambia hajawahi kukuuliza. Usiwe muuguzi wa nyumba hiyo huku wewe mwenyewe hujatibiwa. Kadi ni yako. Najma ana mgonjwa wake, wewe omba mwingine kwenye orodha. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, piga simu uombe miadi kwa jina lako.