Jikoni Hakuna Kiti

Jumatatu, 3 Juni

Mgongo tena. Leo nimefundisha viti kutwa — viti! Wanafunzi wa uzamili, watu wazima wenye watoto wao, nami nawaonyesha jinsi ya kukaa. Lakini lazima. Mtoto anayeingia ofisini kwa mshauri wa shule tayari anajiona mshtakiwa. Ukikaa naye uso kwa uso, meza katikati, umeshakuwa hakimu. Basi kiti chako kigeuze upande kidogo. Akitaka kukutazama, akutazame. Asipotaka, atazame dirisha bila kukuvunjia heshima. Useme "nakusikiliza", kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, na hakuna kitu kigumu kufundisha kama hicho.

(Hata humu naeleza kama nipo darasani. Uzee.)

Mama Darasa ametuchekesha. Tunamwita hivyo sote, na yeye mwenyewe anajiita, maana alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kusomea ushauri. Katika zoezi alimpata mwenzake anayeigiza mtoto mtoro. Akanyamaza. Akavumilia. Akakunja uso kama mtu aliyemeza dawa. Halafu: "Haya, kesho unakwenda shule, sawa? Vizuri sana! Mpigieni makofi." Watu wakavunjika mbavu. Nikamwambia, mama, hapo hukushauri, umefunga kipindi. Akasema mdomo wake umezeekea kazini, hausikii amri mpya.

Lakini wengine wanajua nadharia. Huyu anajua watoto. Akimaliza mafunzo kwa vitendo shuleni, nikamtilia sahihi, ameshakuwa mshauri.

Nyumbani saa kumi na mbili. Mjukuu wangu yuko mezani na hesabu zake. Jina lake la nyumbani ni Chiriku — nilimpa mimi, akiwa mdogo, kwa vile hakuwa akifunga mdomo. Sasa ana miaka kumi na mitatu na nyumba iko kimya kama maktaba. Umri, nadhani. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi mji mwingine, zamu nyingi za usiku. Alimleta kwangu Januari, baada ya kumzika bibi yake, mke wangu, apate mtu wa kumwangalia.

Nimevuta kiti nikamuuliza habari za shule. Nzuri. Nakusikiliza, nikasema. "Ndiyo hizo, babu. Nzuri."

Jumanne, 4 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo kikao cha usimamizi. Kila mwanafunzi analeta kesi moja kutoka shuleni kwake, bila jina la mtoto, bila darasa, nasi tunaipitia pamoja. Zamu ya Mama Darasa. Ana msichana aliyekuja mwenyewe, hakuitwa. Analelewa na mzee wake. "Na anachekesha, Mwalimu! Anasema mzee akitaka kumuuliza jambo, kwanza ageuze kiti. Hivi." Akainuka, akageuza kiti, akaketi, akaweka mikono magotini. "Anasema nikisikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu, najua kazi imeanza."

Kicheko. Mmoja akauliza, huyo mzee kasoma hapa nini? Kicheko zaidi.

Nami nikacheka. Nilicheka!

Halafu Mama Darasa akasema kwa sauti ya chini: "Anasema zamani alikuwa akimtania. Siku hizi anamsikiliza tu."

Sheria naijua, kila mwaka naiandika ubaoni kwa mkono wangu: msimamizi akimtambua mteja, asimamishe kikao na kesi aikabidhi kwa mwingine. Bila kungoja.

Nikasema: "Endelea."

Kosa ni langu tangu mwanzo. Nilipowapanga kwenye shule, niliiona shule ya Chiriku kwenye orodha. Nikajiambia, mjukuu wa mshauri, aende kwa mshauri kutafuta nini? Anatumia jina la baba yake. Pale chuoni hakuna anayemjua. Kiburi tu. Kiburi chenye shahada tatu.

Jumatano, 5 Juni

Jioni nimesimama sebuleni na kiti mkononi. Sikukivuta, nilikibeba, kisikwaruze. Chiriku akaniuliza, babu, kinapelekwa wapi? Nikasema kimelegea mguu.

Akakitikisa. "Mbona kizima?"

Nikaenda kulala mapema.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya tena.

Mama Darasa alikuja ofisini peke yake. Una dakika, Mwalimu? Hapo ndipo pa kusema hapana. Nikamwonyesha kiti.

Amejawa na furaha yake, maskini. Alimwona tena yule msichana na akanyamaza! Alihesabu vigae vya sakafu, akajiuma ulimi, na mtoto akasema mwenyewe. Anataka kurudi kwa mama yake shule zikifungwa. Hana ugomvi na mtu. Anataka kwao tu, kwa marafiki zake.

"Sasa kwa nini hasemi?" nikauliza. Hilo halikuwa swali la msimamizi.

"Anamwonea huruma mzee. Mama yake alipompeleka alimwambia, usimwache babu peke yake. Basi mtoto kashika zamu, Mwalimu! Wao wanadhani wanamlea, kumbe yeye ndiye mlezi. Anasema kila asubuhi mzee anamimina vikombe viwili vya chai, na yeye chai haipendi hata kidogo. Anajua kile cha pili ni cha nani. Anakinywa hivyohivyo, mzee asije akagundua."

Nikatazama dirisha. Kiti changu kilikuwa kimegeuzwa upande, namshukuru Mungu. Ndiyo faida yake, nimewafundisha mwenyewe.

Akaendelea: wamekubaliana mtoto amwambie babu yake mwenyewe, hakuna wa kumsemea. Amechagua na mahali. Jikoni. "Nikamuuliza kwa nini jikoni. Akasema, jikoni hakuna kiti."

Nikamsifu. Kazi nzuri, nikamwambia, na ni kweli, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizosikia muhula huu. Akatoka anang'aa.

Chai. Marehemu alikuwa akitaka sukari vijiko viwili na nusu. Nami miezi yote hii nakoroga vijiko viwili na nusu, nampa mtoto, najiona babu hodari.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimesimama mbele ya birika. Nikimimina kimoja, atajua kuwa maneno yake yametembea. Nikimimina viwili, atakunywa.

Nimemimina viwili. Amekunywa. "Asante, babu."

Jumapili, 9 Juni

Binti yangu amepiga simu mchana. Shule ya kule kwake ina nafasi, wanataka jibu Jumapili ijayo; ikipita, mpaka mwakani. Amemuuliza mtoto, mtoto kasema atabaki, kwa babu ni kuzuri. "Kweli, baba? Maana kwenye simu anaongea kama mgeni."

Ningeweza kusema neno moja: mchukue. Lingekwisha hapo. Lakini angeuliza umejuaje, na jioni hiyohiyo Chiriku angejua kwamba alichokisema kwenye chumba kile, mlango umefungwa, kilifika nyumbani kabla yake. Asingekaa tena mbele ya mshauri yeyote maisha yake yote. Na Mama Darasa angeonekana mmbeya, yeye aliyejiuma ulimi.

Na nisiposema, mtoto atanilinda mwaka mwingine mzima, chai kila asubuhi.

Nikamwambia, muulize tena yeye mwenyewe.

"Na wewe, baba? Unataka nini?"

Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa Bi Takwimu. Anafundisha upimaji — majaribio ya akili, alama na wastani — na anaongea hivyohivyo, kila neno limepimwa. Nikamwambia naomba umsimamie Mama Darasa kwa muda uliobaki. Namfahamu mteja wake mmoja. Sikusema ni nani.

"Umemtambua lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumatatu. Ulikuwa unangoja nini katikati?"

"Ijumaa nilimsikiliza tena," nikasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Umechoka, kaka," akasema. Si kwa ukali. "Mlete. Na hiyo Ijumaa yako utamwandikia mkuu wa idara, au nimwandikie mimi?"

Nimeshaandika.

Jumanne, 11 Juni

Mama Darasa hakukasirika. Bora angekasirika. Alisimama mlangoni na daftari kifuani kama mwanafunzi aliyetolewa nje.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Hukukosea, nikasema. Kosa ni la upande wangu, na sababu siwezi kuieleza.

"Ijumaa ulisema kazi nzuri."

"Ni nzuri."

"Sasa kazi nzuri ndiyo ya kunyang'anywa msimamizi?" Akangoja. Ameshajua kungoja, nimemfundisha mwenyewe, akanitazama na kungoja. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza: nikaanza kueleza utaratibu wa chuo, vifungu, fomu. Akanikatiza taratibu: "Sawa, Mwalimu. Nimekusikia."

Mikono inaniuma leo, sijui kwa nini mikono.

Alhamisi, 13 Juni

Ninashinda jikoni.

Naandika hili kwa aibu. Kesi nimeikabidhi, lakini nilichokwisha kukisikia sitaweza kukikabidhi kwa mtu. Najua anataka kusema, najua ni wapi. Basi jioni naosha vyombo. Mimi! Tangu Januari nilikuwa naingia mle kuwasha birika tu, na vyombo anaosha Chiriku. Jana nimevunja sahani. Leo nimesugua sufuria moja hadi nikajiona ndani yake.

Je, huku si kuvizia? Ningemuuliza mwanafunzi swali hili kwenye mtihani. Ningempa alama gani mwenye kujibu "ndiyo, lakini"?

Chiriku aliingia mara mbili. Mara ya kwanza kunywa maji. Mara ya pili akasimama karibu na friji, akakunja ncha ya kitambaa, akakunjua. Akafumbua mdomo. Nami, mjinga, nikageuka, nikafuta mikono, nikaweka ile sura — naijua kutoka ndani, nyusi juu, kichwa kimeinama kidogo.

"Nilitaka chumvi," akasema.

Hakuna alichokuwa anapika.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata barua ya mkuu wa idara. Muhula ujao sitasimamia mtu. Nitafundisha tu. Viti, bila shaka.

Vikombe viwili. Vijiko viwili na nusu.

Jumamosi, 15 Juni

Kesho jibu.

Binti yangu ametuma meseji asubuhi: mtoto bado anasema anabaki. Nimeisoma, nimeiweka simu kifudifudi.

Mchana tumekula kimya. Nikachukua vyombo nikaenda navyo jikoni, mgongo unalia, nikafungua maji. Sikutazama mlango. Nilijiapiza: leo ile sura siiweki, hata paa lianguke. Nikaanza kazi kwa kelele, kama mtu mwenye shughuli zake.

Kandambili zake zikaja, zikasimama.

"Babu, siku hizi una nini na vyombo?"

"Nasahihisha," nikasema. Ilinitoka tu. "Wanafunzi wamenichosha, nimehamia kwenye sufuria. Hazijitetei." Nikainua moja, nikamwelekezea kwa nyuma bila kugeuka. "Hii wewe ungeipa ngapi?"

Nikadhani ameondoka.

"Arobaini," akasema. "Chini imeungua."

"Arobaini! Na jitihada?"

"Jitihada ni ya mwalimu, babu, sufuria yenyewe imelala tu."

Nikacheka hadi povu likanirukia miwani. Naye akacheka — kile kicheko cha puani, cha zamani, nilikuwa nimekisahau. Akaja kusimama kando yangu, bega kwa bega, wote tunatazama ukuta. Akachukua kikombe cha marehemu kwenye maji, akakisuuza. Akakizungusha, akakisuuza tena.

"Babu."

Neno lile lilinifika ulimini. Nakusikiliza. Nikalimeza, likashuka na moto wake.

"Hm?" nikasema. Nikaendelea kusugua.

"Hii chai ya asubuhi ..." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Ukuta wa jikoni hauna vigae, hakuna cha kuhesabu. Akakiweka kikombe kwenye kichanja, polepole, mdomo chini. "Ngoja nilete kitambaa kikavu. Usitoke, babu. Nina jambo. Usitoke."

Sitoki. Daftari lilikuwa juu ya kabati, naandika nimesimama, karatasi inalowa. Vitambaa viko sebuleni, droo ya mwisho, nasikia anaifunga. Najua jambo lenyewe, na ninatakiwa kulisikia kama mtu ambaye hajui, na nimwambie nenda, mama, nenda kwenu, kwa uso wa mtu aliyeambiwa sasa hivi. Miaka yote nimewafundisha watu wasiigize. Kandambili zinarudi