Jirani Niliyemwigiza

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Nyamahanga tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kwa nini vichekesho vya runinga vikianza mimi huondoka.

Naogopa. Wakati wa vita ya Kagera tulicheza igizo la kuchekesha kijijini. Mimi nilimwiga jirani yetu Mzee Yohana, mkimbizi kutoka Burundi, aliyesema "narara" badala ya "nalala". Watu walicheka hadi machozi. Kesho yake mgambo waliosikia igizo wakamkamata, eti kwa lafudhi ile ni jasusi wa Uganda, wakaniita na kuniuliza:

"Ndivyo anavyoongea huyu?"

"Mwanangu, waambie mimi ni mkurima tu," alisema Mzee Yohana.

Niliogopa, sikumtetea. Wakamchukua.

Alirudi salama. Lakini mpaka anakufa, tukikutana njiani, alinisalimu kwa kuinua mkono tu, bila kutamka neno mbele yangu.

Bibi yako