Lori la Kabichi Halina Upepo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku Morogoro, na kabla sijasema langu nataka kujua lako. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba ukitoka shambani? Na huko Kasulu mvua zimeanza, au mmepanda kwa kubahatisha kama mwaka jana? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Kichwani tu ndiko kubaya.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya Dada Eliza mnaisikiliza nyumba nzima, na haya siwezi kuyasema huku watoto wanagombania kunisalimia. Mama, sina kazi tena. Lori nimelikabidhi kwa tajiri wangu. Usilie kwanza, soma mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua: kupanda Uluguru na lori tupu, kushuka nalo limejaa kabichi na karoti mpaka sokoni Morogoro Mjini. Kupanda si kitu. Kushuka ndiko kuna shughuli. Barabara ya vumbi, kona baada ya kona, upande mmoja mlima, upande wa pili unayaona mapaa ya watu kule chini. Na juu ya kabichi wamekaa akina mama wenye mzigo. Huku mwenye mzigo haachani nao, anapanda juu, anajifunga kanga kichwani, anashuka nao. Ukikataa kuwapakia, hupati mzigo.

Kwenye mteremko ule, ukitegemea breki ya mguu peke yake inaungua. Ndiyo maana kuna breki ya egzosti. Unabonyeza kitufe, upepo kutoka kwenye mtungi unasukuma kimlango kinachozuia moshi usitoke, basi injini inalemewa na gari linapungua mwendo lenyewe. Sisi madereva wa mlimani tuna desturi: pale juu kabisa, kabla hujaanza kushuka, unasimama, unaibonyeza, injini inaguna. Akina mama wakisikia ule mguno wanasema haya, twende. Usiposikika, wanaanza kuteremka mmoja mmoja bila hata kukuaga.

Yangu ikaacha kuguna. Wakateremka wote, nikashuka na kabichi peke yangu kwa gia ya kwanza, roho mkononi. Nilipofika chini shati lilikuwa limelowa kama nimetoka mtoni.

Nikampelekea fundi Mkude, mzee wa Kiluguru mwenye gereji karibu na ninapopanga. Mzee yule ana maneno! Akaniambia, "Festo, usiniambie kifaa gani kimekufa. Niambie limefanya nini, kufa nitajua mwenyewe." Akafungua koki chini ya mtungi wa upepo. Badala ya maji kidogo, yakatoka meupe mazito kama uji. Akanusa, akatikisa kichwa. Kompresa, ile pampu ya kujaza upepo, imechoka na inatema oili. Tukawasha injini, mshale wa geji ukawa unapanda kwa kujivuta, jamani, unaweza ukasinzia ukiusubiri. Halafu akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye kisilinda cha breki ya egzosti povu likafura, kumbe upepo unavuja.

Lakini hilo silo lililonitoa jasho. Kuna fundi aliyepita kabla yetu, ambaye ili breki ya egzosti ipate upepo haraka, aliuchukua moja kwa moja kwenye mtungi wa upepo wa breki za mguu, akairuka valvu ya kulinda breki zisiishiwe upepo. Mzee Mkude akanielekeza kwa kidole bomba kwa bomba mpaka nikaelewa. Kila nilipobonyeza kile kitufe ili niziokoe breki, nilikuwa naula upepo wa breki hizohizo. Na kompresa haina nguvu ya kuurudisha. Nikakaa chini palepale kwenye oili.

Tukamwita tajiri. Tukamwambia, kompresa nyingine na valvu irudishwe, hapo gari litapona. Tajiri akaingia, akalizungusha lori uwanjani, tupu, pahala tambarare kama meza, akakanyaga breki, likasimama. Akashuka anacheka. "Mbona linasimama? Zibeni hilo bomba la breki ya egzosti, mshuke na gia. Wazee wetu walishuka na nini?" Nikamwambia, bosi, twende wote juu, ukae kiti cha pembeni. Akaniambia kama naogopa milima nikalime kwetu. Nikampa ufunguo.

Nilidhani nikikataa lori litalala. Ujinga wangu huo! Halikulala. Baada ya siku chache za kutafuta dereva, ufunguo ulikuwa na Athumani, rafiki yangu ninayepanga naye nyumba moja, mtu wa Mikese, mkewe ana mimba. Nilimsihi, Mama. Akanijibu, "Kaka, wewe hujaoa."

Akapanda, akashuka, akafika. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, na kufika kwake ndiko kulikonimaliza, maana tajiri sasa anawaonyesha watu lori na kusema Festo alikuwa mwoga tu. Jioni Athumani akaniita uani. Akasema kona za mwisho geji ilikuwa chini kabisa, alilisimamisha kwa kulisugua kwenye ukingo. "Usimwambie mtu. Nimekuomba." Nikamuuliza, na akina mama walikubalije kupanda bila mguno? Akainama. Alikanyaga mafuta pale juu, injini ikanguruma, akawaita wapande.

Hilo sikuweza kulimeza. Nikaenda sokoni, nikamtafuta Mama Koleta, ndiye mkubwa wao, nikamweleza kila kitu. Nilitegemea apige yowe. Akaendelea kupanga kabichi zake, kisha akasema taratibu, "Baba, unafikiri hatujui injini inayoguna na injini inayokanyagwa mafuta? Tunajua. Ulipokataa wewe, kabichi zetu zililala barabarani mpaka zikanuka. Mtu ukishaona jasho lako linanuka, unapanda chochote."

Nilinunua kabichi ambayo hata sina hamu ya kuila, nikaondoka.

Basi ndivyo ninavyoishi. Asubuhi natafuta kibarua, mchana mwili wenyewe unanipeleka sokoni, nasimama pale malori yanapoingilia mpaka nilione lile la kwetu. Kurudi huko nyumbani nataka, ila nikiondoka nitakuwa sijui kama limefika.

Nisalimie Dada Eliza na shemeji, mwambie Baba Mdogo redio yake sijaisahau, na Bibi mwambie mjukuu wake yupo hai. Katekista akipita, mpe mkono kwa niaba yangu.

Najua utaanza kuniombea kazi. Acha kwanza, Mama, kazi itasubiri. Leo imeshakuwa alasiri na lori bado halijaingia. Niombee lifike.

Mwanao,
Festo