Bastola ya Plastiki Inamngoja Shangazi

Dada Nabintu, mkubwa wangu,

Nakusalimu haraka kabla hujaanza kunitukana, maana najua umeuona mwandiko wangu ukasema, "Huyu anataka kitu." Kweli nataka. Lakini tuanze na afya, kama watu waliolelewa vizuri. Goti lako linasemaje? Yule jogoo anayelala chini ya kitanda chako bado hajaliwa? Mimi niko mzima, isipokuwa meno, ambayo sasa ni ya kununua. Nikilala nayaweka kwenye glasi, nikiamka nayakuta yananicheka. Baridi ya hapa Anderlecht inaingia mpaka ndani ya soksi, ila nyumba ina moto, na kila Jumapili mtoto wetu Furaha ananipikia sombe ya majani ya mihogo. Anaiunguza kidogo, kama wewe.

Barua hii inaletwa na Maman Espérance, anayefanya kazi na Furaha kule hospitali ya Jette. Anakuja Bukavu kuona wajukuu. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu umetufungia. Ile audio yako ya mwisho niliisikia: "Bunduki? Katika ukoo wa baba yetu? Ambia huyo mutoto asinipigie tena!" Furaha naye aliisikia. Akaenda kuosha sahani ambazo alikuwa amekwisha kuziosha.

Sikulaumu, dada. Waliomchukua mwanao Byamungu walikuja na bunduki, na ni mimi na wewe tuliomfunika kwa kitenge chako. Kwa hiyo Furaha aliponiambia ameingia klabu ya kulenga shabaha, nami nilimnunia. Nilimnunia kabisa, mpaka nilipohitaji chumvi.

Lakini unakumbuka alivyokuwa mdogo, mlango ukigongwa kwa nguvu anaingia chini ya kitanda? Aliendelea hivyo hata huku, mwanamke mzima, muuguzi. Usiku wa mwaka mpya Wabelgiji wakipasua fataki zao, alikuwa anajifungia bafuni na redio. Mwaka huu alisimama dirishani akila karanga. Nikamwuliza, "Na bafu?" Akasema, "Papa, sasa ule mulio naujua. Kule klabu ni mie naamua ulie saa gani." Bon. Mimi sikusoma sana, lakini hapo nilielewa.

Hawapigi watu, dada, wala picha ya mtu. Wanapiga makaratasi ya duara na sahani za chuma, wanakimbia kutoka kituo hadi kituo, na anayewahi bila kukosa ndiye anashinda. Baada ya Pasaka klabu inampeleka kushindana. Mpaka sasa anatumia bastola ya klabu, ambayo mpini wake ni mnene, mkononi mwake ni kama ameshika mguu wa meza. Leseni imetoka, donc anahitaji bastola ya kwake. Akaniomba nimsindikize kuchagua. Nikavaa koti la misa.

Mwalimu wao, Monsieur Luc, ni mzee mwenye masharubu kama ufagio. Alitupangia tatu mezani, zote tupu, matumbo wazi. Moja ni chuma kitupu. Mbili zina chuma juu, na chini, kwenye mpini, ni plastiki. Plastiki, dada! Niliigonga kwa ukucha, ikalia kama bidon tupu ya mawese. Nikamwambia Luc kwa Kifaransa changu cha sokoni, "Na mabeseni unauza pia?"

"Si plastiki, Papa," akasema Luc. "Ni polymère."

Nikamgeukia Furaha. "Anasema nini?"

"Anasema ni plastiki yenye ilisoma."

Nikaiacha hiyo msomi nikachukua ya chuma. Ilikuwa nzito vizuri, kitu unachokisikia mpaka begani. "Hii ndiyo!"

"Papa, siko naenda kulima," akasema Furaha.

Luc akaeleza polepole, kama padri kwa watoto wa komunio. Plastiki ni nyepesi, mtu anaibeba siku nzima bila mkono kuchoka, na jasho haliitii kutu. Lakini huo wepesi una ubaya wake. Ikilia inaruka kuliko ya chuma, kwa hiyo lazima mkono uikamate barabara. Ndiyo maana mgongo wa mpini unatoka na kubadilishwa. Kuna mkubwa, wa kati na mdogo. Nikasema basi niijaribu na mimi. Na kabla sijakumbuka niko wapi, nikatemea mate viganjani, pa, pa, kama mtu anayeanza tuta. Masharubu ya Luc yalisimama.

"Papa! Hapa hapatemwe mate!" akasema Furaha.

Wakanipa taulo. Bastola hawakunipa.

Sasa sikiliza. Luc akamwambia Furaha: tazama shabaha, funga macho, inua mkono, kisha fungua. Kama kile kijino cha kulengea cha mbele kimejikalia chenyewe katikati ya vijino viwili vya nyuma, hiyo ni yako. Kama unaanza kukitafuta, iache.

Dada, nilitafuta kiti. Si ndivyo mama alivyokuwa akichagua jembe sokoni Kadutu? Anatazama mahali, anafumba macho, analiinua na kulishusha, na wauzaji wanakimbiza vidole vyao vya miguu! "Jembe lako linajua njia," alikuwa anasema. "La kufundisha njia, mwachie jirani." Nilitaka kumwambia Luc kwamba hayo ameyaiba kwa mama yetu, ila bado nilikuwa na taulo yake mkononi.

Ya chuma ilishuka chini. Plastiki ya kwanza ilitazama dari. Ya pili ilikwenda kulia, lakini kidogo. Luc akautoa ule mgongo, akatafuta chini kabisa ya sanduku, akaweka mdogo kuliko yote. Furaha akafumba macho, akainua, akafungua. Akacheka kicheko chako, kile cha kukoroma. Luc akasema mgongo ule huwa hautoi, kwa sababu mikono midogo namna hiyo na yenye nguvu haionekani mara nyingi.

Mimi nilijua ni mikono ya nani.

"Alors, unaichukua?" Luc akauliza.

"Bado," akasema mtoto. "Kwetu jembe jipya haliguse udongo kabla shangazi hajalishika."

Nikamwuliza, "Na mimi baba yako, niliyesimama hapa na koti la misa?"

"Weye ni wa kutema mate, Papa."

Luc hakucheka. Aliirudisha kwenye kabati la chuma akaibandika jina la Furaha. Iko humo. Mtoto amesema bila neno lako haitoki, na kwa ule mguu wa meza hashindani. Nimembembeleza, nimemtisha, nimejifanya mgonjwa. Kichwa chake pia amekitoa kwako.

Nisalimie shemeji, umwambie mkia wa ng'ombe wa hapa hauna ladha, asione wivu. Msalimie yule katekista anayesema nilikula mbuzi wa parokia. Mwambie alikuwa mtamu. Na mama mkwe wako, kama bado anaishi kwa ajili ya kukuudhi, mpe heshima zangu zote.

Sasa geuza karatasi. Huo ni mkono wa Furaha, nimeuzungushia kalamu. Nilimdanganya kwamba ni kipimo cha glovu. Weka wako juu yake. Ukizidi au ukipungua, chania barua jikoni, nami sitauliza tena mpaka nife. Lakini ukilingana, huna haja ya kufungua simu wala kusema lolote. Ukitoka kwenye shamba la mama usinawe. Gandamiza kiganja hapo, umpe Maman Espérance arudi nayo.

Udongo wa mama umshike yeye kwanza, ndipo ashike ile plastiki.

Mdogo wako mwenye meno ya glasi,
Deo