Mivinje ya Baba Mdogo

Jumatano jioni, Changamwe. Manyunyu tangu adhuhuri, na joto halijapungua hata kidogo. Nimefunga dirisha kwa sababu sitaki jirani anisalimie.

Leo nimewadanganya watu walioniamini.

Kampuni yetu husafirisha mbao ng'ambo kupitia bandari ya Kipevu. Kila mwaka meneja huwaita wakulima wa miti kutoka Kilifi na Kwale, na kuwaeleza soko la nje linaendaje. Hesabu ya mwaka huu niliitayarisha mimi. Ilionyesha mauzo yamepanda, na meneja alifurahi sana.

Leo asubuhi, nikiipitia mara ya mwisho ukumbini kabla ya mkutano, nikaliona kosa. Nilikuwa nimejumlisha mbao za misaji za nchi jirani, mzigo ambao unapita tu bandarini kwetu. Ukiutoa huo, mbao zetu wenyewe zilizouzwa nje zimepungua. Nilimfuata meneja hadi mlangoni nimwambie. Aliponigeukia, nikamwuliza kama angependa maji.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Naandika hivyo nijue niliogopa nini, si kwamba ni udhuru.

Meneja akawaambia wageni kwamba ng'ambo wanaililia miti yetu, na mwenye mivinje asingoje. Ndipo baba mdogo, ndugu yake baba yangu, aliyetoka Kaloleni, akasimama. Mivinje yake bado ni myembamba. Akiivumilia itampa boriti. Akiikata sasa, kama soko la nje halipo, ni fito tu za mafundi wa ujenzi, na fito zimejaa kila mahali.

"Meneja, wewe sikujui," akasema. "Huyu ni mtoto wetu. Kadzo, mwanangu, nikate?"

"Muulize vizuri, Nyamawi," mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Huyo mti anaoujua ni penseli."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Meneja alikuwa akinitazama.

Nikasema, "Kata, baba."

Aliketi akiwa ameridhika, akamgusa bega mwenzake kama anayesema, waona?

Jioni hii mke wa baba mdogo amenitumia ujumbe wa shukrani. Wenye msumeno wanakuja kesho alfajiri. Sikuweza kumaliza chakula. Nikampigia simu baba mdogo, nikamweleza yote kwa sauti ndogo kama mtu aliye msibani.

"Kwa hivyo pale uliponijibu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

Nilitaka anigombeze.

"Yangu nitaiacha," akasema. "Lakini ulinijibu mbele ya ukumbi mzima. Wale nao wana watoto. Waambie."

Wakulima wana kikundi chao cha WhatsApp. Meneja ndiye aliyekianzisha.

Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Mara ya kwanza nililaumu kompyuta. Mara ya pili niliandika "kumetokea hitilafu", kana kwamba imetokea yenyewe. Mwishowe nimeandika kwamba nilikosea hesabu, kwamba nililigundua kosa kabla ya mkutano, na kwamba nilinyamaza. Nikatuma kabla sijaghairi.

Meneja amesoma.

Aliyejibu ni mama mmoja wa Msambweni. Anasema alipotoka tu ukumbini alimpigia mwanawe simu aanze kazi, na mivinje ya upande wa barabarani yote iko chini. Anauliza, kwa adabu kabisa, sasa afanyeje.

Nimeishika simu. Namwandikia amwambie mwanawe asikate zaidi, na kwamba kesho nitafika kwake mwenyewe.