Karani, Usisome Zaidi ya Hapa

Kairo, Jumamosi, Mfunguo Nne

Kwa mke wangu Mwanasha, Msambweni.

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakujulia hali wewe, na mama, na wote wa pale nyumbani. Mimi huku mwili ni mzima, ila mchana joto linachoma kama tanuri, na moyo haujatulia hata kidogo. Sababu yake utaijua kabla karatasi haijaisha. Je, goti la mama limepata nafuu? Na ule mnazi ulioliegemea jiko, mmeukata au mnangoja uwaangukie?

Karani Elia, salamu zako ulizozitia chini ya barua zimefika. Nakushukuru kwa kuendelea kumsomea mke wangu barua zangu hapo dukani, na kumwandikia majibu, kama nilivyokuomba mwenyewe siku nilipoondoka. Nakushukuru pia kwa habari kwamba bibi hajambo na kwamba siku ile alivaa leso mpya ya manjano iliyompendeza sana. Habari ya leso sikukuuliza. Lakini kwa kuwa wewe umeiona vizuri hivyo, nami nimekuona vizuri. Haya, endelea kusoma, na usimung'unye maneno.

Mwanasha, mpango wangu wa wewe kuja huku ni uleule. Mafunzo ya pampu za maji yanamalizika baada ya miezi mitatu, na mwezi wa mwisho wanaturuhusu kuhama bweni. Kile chumba nilichokutajia bado kipo, katika mji wa kale, ndani ya ukuta wenyewe, darini kwa yule mama mjane ambaye hufuga njiwa na hapendi makelele. Hapo ndipo patakuwa maskani yetu. Kila Ijumaa tutatoka asubuhi, tupande treni twende mji mwingine, na jioni turudi kulala kwetu. Hakuna kuhangaika na masanduku. Kikapu kimoja kinatosha, na kukibeba ni kazi yangu.

Ijumaa ya kwanza nataka twende Kanatiri, kwa sababu ni karibu, na wewe hujazoea treni. Usije ukatapika njiani ukanilaumu mimi. Ni mahali walipojenga kuta za kuzuia mto, na kando yake pana bustani. Watu huja familia nzima na masufuria yao, wakatandika mikeka, wakala, wakalala. Nimekwenda mara mbili kupeleleza. Treni ya saa mbili ina nafasi, ya saa tatu watu wananing'inia mlangoni, kwa hiyo sisi ni ya saa mbili. Wakati wa sala ya Ijumaa utabaki chini ya miti na kikapu, na nikirudi nikukute hapohapo, si pengine.

Ya pili ni Tanta, mji wa walii, wanakouza dengu za kukaanga na halwa ngumu ya kuvunja kwa nyundo. Ya tatu Fayumu, kwenye magurudumu makubwa ya mbao yanayozungushwa na maji yenyewe, yakilia mchana kutwa kama mlango usiotiwa mafuta. Huko lazima kubadili treni njiani, nami bado sijajua vizuri ni jukwaa lipi. Nitauliza.

Aleksandria nimeiweka mwisho kwa sababu ni mbali, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na kwa sababu ya bahari. Mwanasha, ile bahari yao haitoki. Nilipofika mara ya kwanza nilikaa juu ya ukuta tangu asubuhi nikingoja maji yapwe, nione miamba na pweza wao. Nikangoja mpaka alasiri. Mzee mmoja muuza mahindi akaniuliza, "Umepoteza nini, mwanangu?" Nikamwambia nangoja maji yatoke. Akanitazama, kisha akanipa hindi la bure, nadhani alinihurumia. Nataka tukae wote juu ya ukuta ule unicheke mwenyewe, mdomo wako sikioni kwangu. Buibui usiache nyumbani. Vijana wa Aleksandria hawana haya, macho yao hayapumziki, na mimi sitaki kugombana na mji mzima.

Sasa nijibu maswali ya barua yako. Umeniuliza kama mtu aliyekata tiketi ya Aleksandria anaruhusiwa kushuka Tanta na kuendelea na treni ya jioni. Anaruhusiwa, mradi agongewe muhuri stesheni. Umeniuliza kama daraja la pili lina viti vya ngozi. Lina. Umeniuliza kama injini ni ya makaa au ya mafuta. Zipo zote mbili, na ya mafuta ndiyo ya kasi. Baada ya maswali hayo kulikuwa na mstari mmoja tu: "Ama kuja, mume wangu mpenzi, siwezi kuja, hali hairuhusu." Hali gani haikutajwa.

Karani Elia, hapa umefika mwisho wako. Yaliyobaki si kazi yako wala usijisumbue nayo. Mpe mke wangu karatasi mkononi mwake, mwamshe mama kwenye benchi, waende zao nyumbani. Kwaheri.

Haya, Mwanasha. Zitazame herufi. Kuanzia mstari huu naandika kwa zile za chuoni, ulizosomea Kurani ukahitimu wakati mimi bado natandikwa bakora juzuu ya pili. Lugha ni Kiswahili chetu, herufi ndizo za Kiarabu. Elia hazijui hata moja. Kwake yeye hii ni njia ya siafu. Soma polepole kutoka kulia. Ukikwama, tamka kwa sauti, sikio litakusaidia. Na kama kuna mtu karibu, ingia chumbani ufunge mlango kwanza.

Nina wivu. Nalisema wazi kwa kuwa sasa naweza. Unakwenda dukani kwa Mhindi, unaketi kwenye benchi, mama anakaa kando yako kwa heshima kisha anasinzia kabla hata salamu hazijaisha, na mwanamume mwingine anakusomea maneno yangu kwa sauti yake. Nikiandika la kuchekesha, unacheka mbele yake. Nikiandika la uchungu, yeye ndiye anayekuona ukifuta macho. Mwaka na nusu sasa, tangu mwezi ule bendera mpya ilipopandishwa, Elia amekuona ukinisikiliza, na mimi sijakuona hata mara moja.

Na majibu nayo yananitesa. "Mume wangu mpenzi." Wewe? Wewe uliyekuwa ukiniita "we Bakari" hata mbele ya wageni? Mwanzo nilifurahi, nikaibusu karatasi, Mungu anisamehe. Baadaye nikajiuliza nimebusu maneno ya nani. Na yale maswali ya injini na viti vya ngozi! Treni umeiona siku moja tu, tena kwa mbali, ulipokwenda harusini Mazeras, ukasema ina kelele na inanuka. Kama maswali yangekuwa yako ungeniuliza samaki wa huku wanapikwa vipi, na yule mjane mwenye njiwa ana umri gani. Huyo Elia kwao ni nyuma ya Kinango. Alinisimulia mwenyewe kwamba utotoni alichunga mbuzi akiyaona mabehewa yakipita upande wa Samburu, akatamani kupanda mpaka akalia. Basi amejipangia safari ndani ya barua zetu. Yeye ananionea wivu wa treni, mimi namwonea wivu wa benchi la dukani. Sijui kama ana nia mbaya. Labda hana, labda ni upweke wa duka tu. Lakini nikiwaza leso ya manjano, huruma yote inanitoka.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Tanta kuhakikisha saa za kurudi. Njiani, mbele yangu, aliketi mama mmoja mtu mzima, wa shamba, miguu ina vumbi, kikapu cha mayai mapajani. Akatoa barua kifuani. Nikajua ni ya mwanawe, kwa kuwa alimwambia jirani yake kwamba kijana ni askari, yuko vitani Yemeni. Akaisoma mwenyewe. Midomo ilimchezacheza bila sauti, akafika mahali akatabasamu, akarudia, kisha akaikunja akairudisha kifuani. Sisi sote tuliokuwa behewani hatukujua aliambiwa nini. Nilimwonea wivu yule askari, Mwanasha, aliye kwenye risasi, kuliko nilivyopata kumwonea mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikaona aibu hata nikageuza uso dirishani. Wiki ile ya kuondoka, ukinifungia sanduku, uliniambia, "Niandikie kwa herufi za chuoni, Bakari. Hizo n'tazisoma mwenyewe." Nami nilicheka. Nikakujibu kwamba hizo ni za kusomea hitima, na mtu aliyesoma skuli ya serikali huandika kama watu wa leo. Wewe ukaendelea kukunja shati. Kisha nikatoka, nikaenda dukani kwa miguu yangu, nikamwomba Elia. Hakuja yeye kukutafuta. Mimi ndiye niliyempeleka katikati yetu nikamketisha, kwa majivuno yangu. Nisamehe. Tena nimekuja kukaa mji ambao herufi hizo zimeandikwa juu ya kila mlango na kila behewa, na bado sikukumbuka mpaka nikafundishwa na muuza mayai.

Sasa lililobaki ni moja. Kaka yako Mbwana, baharia, ameniandikia kwamba meli yake itatia nanga Mombasa mwezi ujao kisha inakuja Suezi, na nafasi yako ipo, utakuwa chini ya macho yake njia nzima. Mimi nitakungoja bandarini Suezi, tupande treni pamoja mpaka Kairo. Lakini ule mstari, "siwezi kuja", uliusema wewe au uliandikwa na mtu ambaye ukija huku atabaki na benchi tupu? Sijui, na kutojua kunanila. Huenda ni maneno yako kweli. Huenda ni goti la mama, huenda unaogopa bahari, huenda bado umekasirika kwa kicheko changu, na haki unayo. Niambie mwenyewe. Ulikuwa ukiandika ubaoni kwa kalamu ya mwanzi, hati yako mwalimu akiwaonyesha wenzako. Andika hata neno moja. Ukiandika "naja", nitakwenda Suezi siku mbili kabla. Ukiandika "siji", nitaumia, lakini nitaamini, nami nitarudi kwako miezi mitatu ikiisha bila kununa. Nimetia ndani bahasha yenye anwani yangu. Igundishe mwenyewe. Stempu anaweza kubandika Elia, hilo namruhusu.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie goti alikande kwa mafuta ya moto, asibishane na dawa. Shangazi Riziki, jirani yetu, mwambie sijasahau mabuyu aliyonifungia, yalinifikisha mpaka Adeni. Mjomba Ali, mwalimu wako wa chuo, mwombe radhi kwa niaba yangu kwa hati mbaya hii. Atajua ni ya mwanafunzi gani. Kaka Mbwana akifika, msikilize kabla hujamkatalia.

Kumi na moja zilizotangulia hazikuwa barua zako, Mwanasha. Zile nilimwandikia Elia. Hii ndiyo barua ya kwanza niliyokuandikia wewe.

Mumeo,
Bakari